Kata Ndogo: Bahari

Amerudi dirisha namba saba mara ya nne,
Bi. Ruth Nasambu, muuguzi mstaafu,
koti la kijivu, Julai imemganda mabegani,
maana pensheni haitaki hadithi, inataka cheti.
Fomu yangu inauliza mahali pa kuzaliwa:
kaunti, kaunti ndogo, lokesheni, kata ndogo.
Amejaza pamoja tu. Penye kata ndogo
ameandika, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika joto la wagonjwa:
bahari.

Foleni nyuma yake ilicheka. Mimi sikucheka.

Baba yake alikuwa fundi wa karakana za reli, hapa hapa Nairobi,
akaitwa ng'ambo ya ng'ambo, kwenye kisiwa cha mawe ya mbolea,
kutengeneza garimoshi dogo
lililobeba katikati ya kisiwa hadi ukingoni
na kuipakia melini, tani kwa tani,
ili mashamba ya wengine yawe kijani.
Nimekitafuta kwenye ramani ya ofisi.
Pasifiki iko pembeni kabisa,
na hapo ndipo mtu alipopigilia msumari.

Tuliandika barua. Miezi minane.
Ikaja picha ya ukurasa mmoja, umeliwa kona na unyevu,
pamoja na maelezo ya karani wa huko, ndugu yangu nisiyemjua:
kwamba kitabu chao kimebadilisha lugha mara tatu,
kwamba kila bwana mpya alihesabu watu upya, tangu moja,
kwamba vibarua walioletwa kuchimba waliandikwa kwa namba
na majina yao yakapatikana baadaye, upande wa vifo.
Aliomba radhi kwa ajili ya kona.

Nikamkumbuka babu yangu, Mwandawiro wa Wundanyi,
aliyezaliwa mwaka wa nzige, basi, hakuna tarehe nyingine.
Cheti hakuwahi kukiona.
Kipande ndicho kilichomkuta kwanza, ndani ya kibati shingoni;
serikali ikamjua kwa vidole
kabla ya kumjua kwa mama.

Tulisoma wote wawili, kioo kati yetu.
Machi, 1965. Jina la baba, sawa. Kazi: reli, sawa.
Jina la mtoto: Mulongo.

"Huyu si mimi," akasema.
Kisha, polepole: "Mama aliniita hivyo nikiwa na homa.
Alisema ni jina la shangazi yake."

Mimi ni Mtaita, lakini miaka kumi na tisa
ya kuandika watoto wa watu
imenifundisha zaidi ya shule.
Nikamuuliza: una mdogo wako?
"Ninaye. Khisa."
Nikanyamaza. Khisa huwafuata wawili.
Mulongo hutoka wa pili.
Nikapandisha kidole mstari mmoja juu,
mahali msajili wa kisiwa, bila kujua alichoandika,
alikuwa ameandika vizuri, kwa wino wa buluu:
Mukhwana. Mwanamume. Saa tisa.
Nilidhani ni saa aliyozaliwa.
Ni muda aliokaa.

Mashine ya namba ikaita mia mbili na kumi na moja.
Hakuna aliyesogea.
Akatoa miwani, akaifuta kwa ncha ya koti,
akairudisha, akasoma tena mstari ule wa juu
kama mtu anayepima mapigo ya moyo kwa saa ya mkononi.
Walipotua Embakasi, alisema, mama alishuka na jina jipya la kunipa
na sanduku moja alilokataa libebwe na mtu.
Hakuendelea na habari za sanduku.

Nikagonga muhuri kwenye fomu yake.
Penye kata ndogo sikufuta neno.
Mkubwa wangu atauliza; ataulizwa naye; shauri yao.

Akahesabu ada, sarafu kwa sarafu, akaisukuma chini ya kioo.
Kisha mkono ukabaki pale.
"Na chake," akasema, "ni shilingi ngapi?"

Sheria hainiruhusu.
Nikavuta fomu nyingine.